Wanunuzi wa Mtumbwi wa Tata

Kidole changu kilizama ndani ya ubao kama kinavyozama kwenye ndizi iliyoiva kupita siku zake. Hapakuwa na sauti. Rangi ya buluu ilichanika kidogo, ukucha ukapita, kisha kidole kizima, na mle ndani mlikuwa na ubaridi, na unyevu, na harufu ya majani yaliyolala chini ya mgomba msimu mzima. Tata alikuwa amenishika mkono. Hakuuachia mpaka alipoona nimeelewa.

"Na huku," akasema, akanihamishia ubavu wa pili. "Na huku tena."

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limepotea. Ukungu ulilifunika kabla hatujaamka, na mtumbwi, juu ya magogo yake, ulionekana kama umetia nanga hewani. Mahali fulani kasia lilikuwa linagonga maji, lakini aliyelishika hakuonekana. Nilitaka kutoa kidole changu na wakati huohuo niliogopa kukitoa, nikihisi kwamba mtumbwi wote ungemwagika mchangani kupitia tundu lile dogo.

Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu Uhayani. Wa kwangu aliitwa Karugendo, na mtumbwi ule ulikuwa na umri unaokaribia wangu. Alivusha nao watu na mizigo kati ya kijiji chetu, upande wa Muleba, na visiwani: walimu waliopangiwa shule za huko, mikungu ya ndizi, mabati, wakati mwingine bwana harusi na suti yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipokuwa mdogo alinilaza juu ya magunia, chini kabisa, nikawa nasikia maji yakizungumza upande wa pili wa ubao. Yalikuwa karibu na sikio langu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuninong'oneza. Nilisinzia nikidhani ziwa linamjua baba yangu na linamuulizia habari zangu.

Halafu akaacha. Alirudi nyumbani siku moja na injini begani, akaiegemeza ukutani sebuleni, akaifunika kitenge cha Mama. Alisema magoti yamemshinda. Nani angebisha? Umri ulikuwa umefika, na asubuhi alikuwa akishuka kitandani polepole.

Kaka yangu Avit, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani kutunza kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, akaanza kutafuta wanunuzi. Kila mwaka aliupaka mtumbwi rangi mpya ili uwapendeze. Hakuwa na tamaa. Macho ya mama yetu, Anatolia, yalikuwa yanaingia wingu, na Avit alikuwa amejiwekea moyoni kwamba fedha za mtumbwi ndizo zitakazompeleka hospitali.

Lakini kila mnunuzi Tata alimfukuza. Aliyetoka Kemondo aliulizwa jina la babu yake, kisha akaambiwa kwamba kwenye ukoo wao hata kuku huzama kwenye beseni. Aliyefuata aliambiwa mtumbwi haupendi watu wafupi. Kwa wa tatu Tata alijifunika blanketi, hakutoka.

"Anaupenda kuliko anavyonipenda mimi," Mama alisema, bila kinyongo. "Mwacheni."

Basi ikawa hadithi yetu. Nilikuwa nimeshahamia Bukoba mjini, nashona nguo, na nilipokuwa nikipinda pindo za magauni niliwasimulia wateja habari za mzee anayekataa kuachana na mtumbwi wake. Walicheka. Mmoja alilia kidogo. Hata mimi nilikuja kuuona upendo ule kama taa iliyowashwa ufukweni, ikinisubiri.

Kisha akaja Joyness.

Alitoka kisiwa cha Bumbire, mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Avit alinipigia simu nije, akiamini Tata hunisikiliza. Mgeni alipiga magoti mbele ya Tata akamwamkia, "Kasinge, waitu," akapokea buni za kahawa za kutafuna kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa. Tata alimtazama. Nilijua analitafuta tusi.

"Mwanamke hawezi kuendesha mtumbwi huu," akasema.

"Nimeendesha ya watu, Tata. Sasa nataka wangu."

"Wa nini?"

Joyness aliangalia chini. "Kwetu mgonjwa anasubiri mwenye mtumbwi amalize kuvua, ndipo avushwe. Dada yangu alisubiri na uchungu wake mpaka jua likazama. Mtoto tunaye. Yeye hatunaye."

Tata alifungua mdomo, akaufunga. Tuliendelea kusubiri tusi na halikuja. Hatimaye alisema, "Lala hapa. Kesho utauona." Avit alitoka nje akitabasamu, na Mama akaongeza ndizi nyingine kwenye chungu.

Kulipopambazuka Tata aligonga dirisha langu. Ndivyo nilivyojikuta ufukweni, ndani ya ukungu, kidole changu kikiwa ndani ya ubao.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nilipoacha."

"Na magoti?"

"Magoti hayana neno." Alikaa juu ya gogo. "Nilikuwa nawarudisha watoto waliotoka kupokea Komunyo ya kwanza. Wamevaa nyeupe wote. Nikakanyaga pale mbele, nikausikia ubao unabonyea. Katikati ya maji, Annastella. Nikaanza kuimba, wakaitikia. Niliimba mpaka tukafika, na sikusogeza mguu."

"Ungetuambia."

"Niwaambie nini? Kibanja ni cha ukoo. Nyumba amejenga Avit. Changu kilikuwa hiki." Alipapasa rangi ya Avit kwa kiganja, taratibu, kama anayempapasa mnyama aliyelala. "Wale wengine niliwatukana, wakaenda. Huyu ulimi umekataa. Mwambie wewe."

Nilipandisha njia ya kibanja peke yangu. Majani ya migomba yalidondosha maji shingoni mwangu na kila kitu kilikuwa kijani na kimya, kana kwamba nimeingia ndani ya chupa. Upendo niliokuwa nikiusimulia mjini haukuwepo. Kulikuwa na mtu aliyekaa na aibu yake miaka yote, akiilinda kwa matusi, ili mwingine asizame. Sikujua niupe jina gani.

Avit alikuwa mlangoni, ameshanyoa ndevu. Nilimwambia yeye kwanza. Uso wake haukubadilika, sauti tu ndiyo ilishuka.

"Mbao za mvule hizo. Zinaweza kukaa bado."

"Kidole changu kimepita, Avit."

"Na Mama?"

Ndani tulisikia kisu cha Mama kikimenya ndizi, krr, krr, kisha kikatulia. Alikuwa amesikia. "Annastella," akaita kutoka jikoni, "mgeni ameamka. Usimwache anywe chai akiwa hajui." Kisu kikaendelea.

Nikaingia nikamwambia Joyness kwamba mtumbwi umeoza, na nani alijua, na kwa nini wengine walifukuzwa. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Alipomaliza kunisikiliza alikiweka chini, akatoka, akashuka ufukweni bila kuniuliza njia. Nilimfuata kwa mbali. Ukungu ulikuwa umeanza kuchanika, na wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji kama moshi wa moto usiokuwepo. Tata alikuwa bado juu ya gogo. Hakuinua kichwa.

"Nionyeshe," Joyness akasema.

Alimwonyesha. Ilikuwa ajabu kuwaona: mara wameinama, mara wamelala chali chini ya mtumbwi kama mafundi wa magari, Tata akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na Joyness akiweka sikio. Huu unaitika. Huu hauitiki. Nilimsikia baba yangu akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba meno yake ya mbele yana mwanya.

"Kuendesha najua," Joyness alisema walipotoka, mchanga umewajaa mgongoni. "Kusikia ndani ya ubao sijui. Kesho nakwenda Bukoba, mwalo wa Nyamkazi, inakotia nanga mitumbwi, kutafuta mwingine. Twende wote, Tata."

"Mimi? Na nguo hizi?"

Avit hakusema nasi siku nzima. Alitumia panga na nyundo kuuvunja mtumbwi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akizitenga mbao nzima na zilizokufa, na zilizokufa zilikuwa nyingi. Lakini asubuhi iliyofuata, Tata alipokuwa akiaga, Avit alitoka chumbani na koti lake la harusi. Alimvalisha baba yake, mkono mmoja, kisha wa pili, akamfunga vifungo vyote mpaka cha juu. Lilimpwaya mabegani.

Macho ya Mama yalitibiwa baadaye, kwa fedha za kahawa ya misimu miwili. Siku Joyness aliponipigia simu, nikiwa bado kijijini, kwamba wamepata mtumbwi na wanapita kwetu wakielekea Bumbire, Mama alikuwa bado analiona ziwa kama shuka jeupe lililoanikwa. Nilimshika mkono tukashuka. Maji yalikuwa yametulia, na visiwa vimeinuliwa kidogo juu yake na mwanga, kama vinavyofanya siku za namna ile.

"Niambie," Mama akasema.

Nikamwambia. Mtumbwi ni mweupe, bado haujapakwa rangi. Joyness yuko kwenye injini. Tata amekaa mbele na koti lake, vifungo vyote, mkono mmoja umening'inia majini. Sasa ametuona. Anasimama. Anapunga mkono. Anakaa tena.

Mtumbwi ukafika pale ambapo ziwa na mbingu vilikuwa kitu kimoja, ukawa doa, kisha nikawa sina uhakika kama bado naliona doa lile. Nikanyamaza. Mama hakuwa ameondoa uso wake majini.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.