Mashine Iliyoahidiwa Chuo

Afisa wa chuo alifika kwenye duka la uchapaji mchana, shati limemganda mgongoni, akaomba kwanza maji ya kunywa. Alipomaliza glasi akauliza mashine iko wapi.

"Ipi?" binti akauliza bila kuacha kazi. Alikuwa akigonga rundo la karatasi mezani, upande huu na upande ule, ili kingo zikae sawa kabla ya kuzipeleka kwenye kisu.

Afisa akaonyesha kwa kidevu. Alimaanisha mashine ya kukatia karatasi, chuma kitupu, nzito kiasi kwamba siku ilipoingizwa dukani ilibidi mlango ung'olewe na fremu yake.

Baba, aliyekuwa kitini karibu na dirisha, alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Kwenye mkutano wa wahitimu wa zamani wa chuo cha ufundi, watu wa darasa la baba walisimama mmoja mmoja kutaja watakachokirudishia chuo. Mwenyekiti wao, ambaye tangu wako bwenini wanamwita Bosi, kama baba wanavyomwita Wino, alitaja mabati ya karakana nzima. Mwingine akasema atamlipia ada mwanafunzi mmoja hadi amalize. Mwingine alikuwa ameshakiandika chuo kwenye wosia. Makofi yakapigwa mpaka viti vikatikisika. Zamu ilipomfikia yeye, mchapaji aliyekwisha kustaafu, aliinuka hana la kutaja, na mdomo ukataja mashine.

Binti hakupandisha sauti. Hakuwa na nguvu za kugomba; tangu asubuhi alikuwa akifunga vitabu vya risiti, na mabunda yaliyosubiri yalijaa hadi chini ya meza. Alikaa juu ya bunda moja.

"Baba, macho yako yaliposhindwa kuona mahali pa kukata, nani alishika ule mpini?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Basi si ungeniuliza tu."

Mzee akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba chuo kilimpokea akiwa hana mbele wala nyuma, kikampa ufundi uliolisha nyumba hii yote. Angependa kurudisha fadhila angali hai. Binti hakuwa na ubishi na hilo; alikua akilisikia tangu utotoni. Ila bila kisu hakuna duka, na kwa umri wake hakujiona akienda kuomba kibarua kwenye duka la mtu mwingine. Akamgeukia afisa, akamuuliza kama hakuna njia nyingine ya kuchangia.

Afisa alisema zipo. Wengine hukatwa kidogo benki kila mwezi, wengine huchanga darasa zima kwenye mfuko mmoja. Karatasi na wino wa mazoezi, alisema, hununuliwa na hicho kidogo.

"Wenzangu watoe mabati, mimi nitoe vumbi?" mzee akasema.

Afisa alitabasamu kichovu tu. Alikuwa na wiki nzima akizunguka kufuatilia ahadi, na soli za viatu vyake zilikuwa zimeanza kuachia.

Mzee akaipapasa simu mfukoni, akaitoa. Kisha akamnyooshea binti, akamwambia ampigie Bosi na aiweke kwenye spika.

"Bosi, ni mimi, Wino. Ile mashine niliwadanganya. Si yangu tena. Ni ya binti yangu, ndiye anayeifanyia kazi. Mimi nitakatwa kidogo kidogo benki kila mwezi."

Binti akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Wino," sauti ikasema hatimaye, "mabati yangu yenyewe yaliishia kwenye makofi. Hebu niulizie, huko kukatwa kidogo kunafanywaje?"

Afisa alifungua mkoba, akaeleza mara mbili, mara ya pili akiinamia simu. Mzee akataja kiasi anachokiweza. Kilikuwa kidogo, na binti hakukiongeza. Alisimama, akanyoosha kiuno, akarudi kwenye karatasi zake.

Afisa alipokuwa akiaga, mzee alimshika mkono.

"Hivi vidogo navyo husomwa kwenye mkutano?"

"Hapana, mzee. Havisomwi."

"Afadhali," mzee akasema, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.