Wa Katikati

Saa moja asubuhi, chini ya jabali linaloinamia reli, watu watatu walijifunga kamba moja. Kazi yao ilikuwa kung'oa mawe yaliyolegea kabla hayajaangukia treni. Kucha, aliyeitwa hivyo kwa jinsi vidole vyake vilivyong'ang'ania mwamba, alijifunga mbele. Ndiye aliyetangulia kupanda na kupigilia vigingi vya chuma. Nyuma alijifunga mwanamke waliyemwita Mkia, aliyepanda mwisho akiving'oa. Katikati, kwenye kitanzi, alikuwa kaka yake Mkia, ambaye alikuwa amekufa Jumanne.

Alianguka kwa sababu kamba ilichakaa pale katikati ikakatika. Walimbeba hadi chumba cha zana wakamfunika turubai. Jumatano alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake ngumu imepasuka upande mmoja, anauliza mbona wamechelewa. Wakaiunga kamba kwa fundo, wakapanda.

Ijumaa Mkia alimwendea msimamizi ofisini.

"Naomba kamba mpya. Hii imemuua kaka yangu."

Msimamizi alifungua kitabu cha mahudhurio, akashuka na kidole. "Jumatano alikuja. Jana alikuja. Kamba mpya hutolewa kukiwa na ajali, na ajali huandikwa mtu akikosekana."

"Hapumui, bosi."

"Humu kitabuni hakuna sehemu ya kupumua, dada."

Nyumbani, mama yao alikuwa ameshanunua sanda. Kila jioni mwanawe aliingia, akamwamkia, akaketi mkabala naye bila kugusa chakula.

"Mwambie apumzike," mama alimnong'oneza Mkia jikoni. "Mimi nitamliaje mtu anayeniamkia?"

Mkia alimwambia huko juu, kwenye ukingo mwembamba wa mwamba ambapo wote watatu walisimama wamejifunga kwenye kigingi kimoja.

"Kaka, kesho usije."

"Nisipokuja wataandika mtoro. Halafu katikati ataingia nani? Kucha ndiye anayejua njia." Alikaza kitanzi kiunoni. "Utaingia wewe."

"Lakini ukija hawabadilishi kamba."

"Najua, dada."

Kucha alitazama pembeni kama mtu aliyekuta ugomvi wa nyumba ya watu.

Jumatatu Mkia aliwahi kazini peke yake. Aliilaza kamba relini, akajificha nyuma ya rundo la kokoto hadi treni ya kwanza ilipopita. Ikakatwa vipande vinne. Alivikusanya kifuani, akavipeleka stoo, akasema sasa hapana budi watoe nyingine. Mtunza stoo alivipokea, akaketi kwenye kreti, akavifunga mafundo kwa ustadi, akamrudishia.

Siku hiyo hiyo Kucha alipanda, Mkia na kaka yake wakimwachia kamba kidogo kidogo.

"Legeza!" Kucha aliita.

Walilegeza. Kamba haikwenda. Fundo moja lilikuwa limenasa kwenye pete ya kigingi, na Kucha alikuwa ameshainua mguu. Alivutwa nyuma, akaanguka. Kaka yake Mkia aliishika kamba kwa mikono yote miwili, ikamchuna viganja hadi mfupani bila tone la damu, na huenda angemzuia. Lakini fundo lilifunguka.

Mkia alishuka, akakaa karibu na Kucha, akamwomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Mke wa Kucha alipokuja, akamwomba na yeye pia.

"Kesho atakuwa na zamu?" mke aliuliza.

"Sijui, shemeji."

Asubuhi Kucha alikuja, shingo imelalia begani. Alimwambia Mkia hana kinyongo, ila awe anawaarifu kabla ya kukata vitu. Msimamizi aliandika watu watatu.

Kucha akatangulia. Kaka akafuata. Kisha kamba iliyokuwa miguuni mwa Mkia ikaanza kuvutwa juu, mkono kwa mkono, hadi ikamkaza kiunoni.

"Panda, dada," kaka yake aliita. "Tumekushika."

Mkia aliliminya fundo lililokuwa karibu naye, akaona nyuzi zimechomoza kila upande, akapanda.