Gurudumu Liko Kushoto

Mimi ni mpiga picha za pasipoti, na jicho langu halidanganywi. Sisemi kwa kujigamba, ingawa najigamba. Miaka kumi na mitatu nimefuta chunusi za watu, nimewavalisha suti waliokuja na fulana, na bwana mmoja nilimchorea macho mimi mwenyewe kwa sababu kila nikibonyeza anafumba. Sasa mtu kama mimi umletee picha iliyochezewa? Thubutu!

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi mke wangu alinikabidhi simu yake bila maneno mengi. Chumba chetu cha kazi ni kimoja tu: mbele studio, nyuma ya pazia la bluu yeye anashona. Cherehani chake kilikuwa kimekwama wiki nzima. Kanyaga usikanyage, hakizunguki. Na mwalimu mkuu alikuwa ameshampa kazi ya sketi arobaini za shule, kwa sharti moja: zianze kushonwa Jumatatu, la sivyo vitambaa vinahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

"Dada akiikosa kazi hii ndiyo basi," alisema shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kukata vitambaa na kutia chumvi kwenye maneno ya watu. "Yule wa ng'ambo akishaonja shule, haachii tena."

Shemeji ndiye aliyelipata tangazo mtandaoni. Cherehani kilichotumika kidogo, bei ya kutupa, nusu inatangulizwa kwa simu, mzigo unafuata. Muuzaji alijiita Mwaminifu wa Vyerehani. Mke wangu alikuwa ameshajaza kila kitu. Ilibaki namba ya siri tu. Pesa yenyewe ndiyo akiba yake yote, ya miaka miwili ya pindo na zipu.

"Angalia vizuri, mume wangu," akasema. "Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Nikavaa miwani. Nikaivuta picha ikawa kubwa, nikaisogeza huku na kule, nikaguna kama daktari. Wanawake wawili wakanisogelea, nami nikanogewa, nikaguna tena.

"Mnaona kingo hizi? Laini. Mnaona mwanga ulivyolala juu ya chuma? Mwanga haudanganyi."

"Mbona hakina jina la kiwanda?" akauliza shemeji.

"Limefutika kwa kutumika! Tapeli angeandika jina jipya linalong'aa. Hiyo ni dalili ya ukweli."

Nikaamua kumaliza ubishi kitaalamu. Nikamwandikia Mwaminifu: weka kijiko juu ya hicho cherehani, upige picha sasa hivi. Dakika mbili, picha ikaingia. Cherehani kilekile, kijiko juu.

"Haya!" nikapiga paja. "Kijiko hicho. Lipa. Picha hii haijaguswa na mkono wa mtu. Na kama imeguswa, basi aliyeigusa ni bingwa, mimi namvulia kofia."

Mke wangu akachukua simu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye tarakimu ya kwanza alipokunja uso.

"Gurudumu liko kushoto."

"Lipi?"

"Gurudumu la kuzungushia kwa mkono. Linakuwa kulia, sindano kushoto. Nimeshona tangu sijaolewa, sijawahi kuona la kushoto."

"Labda kimetengenezewa watu wanaotumia mkono wa kushoto."

Shemeji alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mimi nilikasirika, nasema kweli. Kuchekwa na mtu anayekula kwako si jambo dogo.

"Picha imegeuzwa tu!" nikafoka. "Ni kubonyeza mara moja. Wanageuza ili mtu akiitafuta ya asili mtandaoni asiipate. Lete, niwaoneshe." Hapo ulimi wangu ulikuwa umeshakiri utapeli kabla kichwa hakijajua, lakini nilishaanza, nikaigeuza. Gurudumu likaja kulia. Na pale kwenye ubao, karibu na gurudumu, likaonekana doa jeusi, pana huku na limechongoka kule, umbo la pasi kabisa.

Mke wangu akaliangalia lile doa. Kisha akageuka taratibu, akaangalia pembeni, kilikokaa cherehani chake kibovu. Akanyanyua kitambaa alichokifunikia. Karibu na gurudumu, kwenye ubao, palikuwa na doa la pasi. Pasi niliiweka mimi, mwaka tuliohamia, nikijifanya nasaidia.

"Baba wee," akasema, sauti chini. "Hiki ni changu."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Maana nilikumbuka yote kwa mpigo. Mwaka jana nilikipiga picha kile cherehani kutangaza studio yangu: kabla na baada. Kabla, kutu na vumbi la nyuzi. Baada, kinang'aa. Kutu nilifuta mimi. Jina la kiwanda lililobaki nusu nilifuta mimi. Mwanga usiodanganya niliupaka mimi, kwa mkono wangu, mchana mzima. Doa la pasi nililiacha kwa uvivu. Nikaibandika mtandaoni watu waone, na Mwaminifu akaona.

"Kwa hiyo," shemeji akasema, akijifuta machozi ya kicheko, "dada alitaka kununua cherehani chake mwenyewe. Na bingwa uliyemvulia kofia ni wewe."

Nikaitazama tena ile picha ya kijiko, nipate walau kitu cha kugundua. Kijiko hakikuwa na kivuli. Kilikuwa kinaelea angani. Sikusema.

Nilidhani mke wangu atanipigia kelele, na ningeshukuru. Hakupiga. Alifuta zile namba za malipo alizokuwa amejaza, moja moja, akamfungia Mwaminifu asiweze kumwandikia tena, kisha akakaa kwenye stuli yake akiishika simu kwa mikono miwili.

"Mafuta ya cherehani nimekuomba tangu lini?"

Nikavua miwani.

"Tangu kabla ya hiyo picha. Kila siku kesho, kesho. Lakini siku nzima ya kukipaka mafuta kwenye kompyuta uliipata."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini mke wangu si ndevu zangu. Nikaomba radhi, si kwa mzaha.

Akaniwekea simu mbele ya macho, ile picha inang'aa.

"Kifanye kiwe hivi. Pale kilipokaa, siyo humu ndani ya simu."

Nikafunga studio. Nikanunua mafuta ya cherehani, mafuta ya taa na mswaki. Nilifungua kila kilichofungika, nikatoa nyuzi za miaka saba zilizosongamana kama manyoya ya paka, nikasugua kutu mpaka kucha zikageuka rangi. Shemeji alikuwa akipita na kuuliza kama mwanga umelala vizuri. Jumapili jioni mke wangu alikaa, akakanyaga mara moja. Kikakataa. Akatia tone la mafuta pale ambapo mimi sikupajua, akakanyaga tena, na kile kitu kikaenda trrrrr mpaka pazia likatikisika. Alicheka kwa sauti, wiki nzima sikuwa nimemsikia akicheka. Jumatatu, mwalimu mkuu alikuta sketi nne zimeshaning'inia.

Nikaomba ruhusa ya kupiga picha.

"Piga," akasema. "Ukiigusa hata kidogo, utalala studio."

Sikuigusa. Nikaibandika vilevile ilivyotoka, doa la pasi na yote. Haikupita nusu saa, mtu nisiyemjua akaandika chini yake: "Acheni kutudanganya, hii picha imechezewa. Cherehani cha zamani haking'ai hivyo."

Nilitaka kumtukana. Mke wangu akaninyang'anya simu, akamjibu yeye: "Njoo uone. Gurudumu liko kulia."