Kiti cha Mfano

Watu wa Mpango wa Tuinuane, ule wa serikali, walifika kwa Yudith Jumanne moja ya mwezi wa sita, asubuhi, wakati ambao ukungu wa milimani haujaamua kama unaondoka au unalala hapohapo. Gari lao jeupe liliishia juu barabarani, kwa sababu kutoka hapo kushuka kijijini Kwemzungwi pana njia ya mbuzi na matuta ya viazi basi. Kiti cha magurudumu walichokuja nacho dereva alikibeba kichwani mpaka uani. Yudith alisimama mlangoni akikitazama kinavyoshuka. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, Mlutheri wa kuzaliwa, na tangu aolewe hapo hakuwahi kuona kitu chenye magurudumu kikifika nyumbani kwake.

Tena hakuwa ameomba kiti. Mjukuu wake Yohane, anayemlea tangu mama yake afariki, alizaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, zinatazamana kama majirani wanaonong'onezana. Mtoto anatembea, na shule anakwenda, ila anakanyagia ubavu wa mguu, na jioni anarudi ngozi imechubuka inatoka damu. Daktari wa mifupa, ambaye huja mara moja kwa mwaka kwenye hospitali iliyoko huko chini kwenye joto, alimshika miguu mwaka jana akasema itanyooka kwa upasuaji. Akasema pia kwamba mfupa wa mtoto unakomaa, asipoletwa mwezi wa saba mwaka unaofuata, baada ya hapo yeye hatamgusa tena. Kwa hiyo Yudith aliiomba serikali gharama za upasuaji. Mara ya kwanza akaambiwa asubiri, mara ya pili akaambiwa ameshaandikwa, mara ya tatu wakaleta kiti.

"Shikamoo bibi," alisema Hamida, afisa habari wa mpango, binti wa Tanga mjini aliyevaa koti zito juu ya mtandio na bado anatetemeka.

"Marahaba mwanangu. Poleni na baridi. Karibuni ndani."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na Yudith alikuwa na mtu wa kuponywa ndani ya nyumba. Alichinja jogoo. Wakati jogoo anachemka, Jamali, mpiga picha, alifunga kamera yake kwenye miguu mitatu akaomba mtoto akalishwe kitini. Ua wenyewe una tambarare ya ukubwa wa mkeka mmoja. Yudith alimsukuma mjukuu mpaka ukingoni, akamrudisha, akaambiwa asukume tena kwa kuwa mara ya kwanza hakutabasamu.

"Bibi, mimi naweza kutembea," Yohane alimnong'oneza.

"Nyamaza baba. Wageni wapo kazini."

Kisha wakamtaka aseme neno la shukrani. Yudith aliuliza, kwa adabu, kama anashukuru kwa kiti au kwa matibabu.

"Shukuru kwa yote, bibi," alisema Hamida. "Mengine yanafuata."

Hapo mtu mwingine angeng'ang'ania jibu. Lakini huko juu watu wamelelewa hivi: neno jema la mgeni hushukuriwa kabla mgeni hajainuka, na asiyeshukuru ahadi ameifukuza mwenyewe mlangoni. Yudith alisimama wima kama anavyosimama kanisani kutoa ushuhuda. "Naishukuru serikali yetu," alisema. "Mjukuu wangu amekumbukwa. Mzigo huu sasa si wangu tena." Akaongeza baraka ndefu kwa Kishambaa, ambazo Jamali alizikata baadaye kwa sababu ofisini hakuna aliyezielewa.

Walikula jogoo, wakanawa, wakasifu mchuzi. Halafu dereva akakikunja kiti akakipandisha tena kichwani.

"Mnakipeleka wapi?" Yudith aliuliza.

"Malindi, hii ya huku huku milimani, bibi. Leo mchana tunapiga picha kule," alisema Jamali bila ubaya wowote. "Hiki ni cha mfano. Vyenyewe vitakuja bajeti ikitoka."

Yudith alicheka. Afadhali, alijiambia, kiti cha nini kwenye miteremko hii, bora wameondoka nacho na matibabu yanafuata. Na hata yasipofuata, usharika upo. Pale kijijini Jumapili watu hawatoi sadaka ya fedha peke yake. Wanaleta kabeji, mayai, viazi, mkungu wa ndizi, na ibada ikiisha vinanadiwa nje, na yai moja linaweza kuuzwa mara sita kwa kuwa kila anayelinunua analirudisha linadiwe tena. Mnada wa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba kamati ya diakonia, inayohudumia wenye shida, ilikwisha kuutenga kwa ajili ya miguu ya Yohane. Michango hiyo ingetosha kumpeleka hospitali, kila mtu alijua hivyo.

Siku ya gulio, gari la matangazo la Tuinuane likaegeshwa sokoni Mlalo. Ubavuni lilikuwa na skrini kubwa, na vijana wenye fulana mpya wakigawa kofia. Jioni yake mzee wa kanisa Tobia, mwenyekiti wa kamati ya diakonia, aliteremka kwa Yudith karibu mbio, kofia ya Tuinuane kichwani.

"Bibi Yohane, Mungu ni mwema! Nimekuona Mlalo, mkubwa kama mlango wa kanisa! Gulio lote limesimama."

Yudith alifurahi, mwanadamu ni mwanadamu. Kisha Tobia akamweleza kwamba wanakamati walikutana palepale sokoni. Kwa kuwa mtoto sasa yuko mikononi mwa serikali, mnada utakwenda kwa Evelina, yule bibi kipofu ambaye nyumba yake ilibomolewa na mvua za masika na mpaka leo analala jikoni kwa watu.

"Tobia, hawajanipa kitu," Yudith alisema. "Hata kile kiti wameondoka nacho."

Tobia alianza kucheka, akaacha. "Lakini umesema mwenyewe mzigo si wako tena. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nilikuwa nashukuru."

"Sasa mtu anashukuru kitu ambacho hajapewa?" Alisema hivyo yeye, Tobia, aliyezaliwa mlima huohuo na kulelewa adabu hiyohiyo. Sokoni, kwenye skrini, adabu yao ilikuwa imegeuka ushahidi, na hakuitambua.

Si mtu mbaya, Tobia. Alikuna kichwa, akasema kama ofisi itatoa neno kwamba mtoto hajasaidiwa, yeye mwenyewe atalisoma mbele ya usharika.

Basi Yudith akaenda Lushoto. Ofisi ya Tuinuane ilikuwa imejaa maboksi mpaka mlangoni, fulana, kofia, miavuli, vyote vina jina la mpango, na alipita ubavuubavu kufika mezani kwa Hamida. Hamida alimwamkia, akamketisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Bibi, nakuambia kama mama yangu. Fedha za serikali haziji kwenye kapu moja, zina vifungu. Kifungu cha kuhabarisha umma kimekuja, tena chote. Cha kuwasaidia walengwa hakijaja. Na fedha isiyotumika mpaka mwisho wa mwezi wa sita inarudi Hazina, halafu mwakani tunapunguziwa. Ikabidi tuhabarishe."

"Mkahabarisha nini, mwanangu?"

Hamida alitazama maboksi yake. "Kwamba tunasaidia."

Yudith hakusoma sana, ila hesabu ya shamba anaijua, na hakuna mtu Kwemzungwi anayepiga mbiu ya mavuno kabla ya kupanda. Aliuliza kama haiwezekani kuchota kidogo huku wakatia kule. Hamida akasema anayechota anafungwa. Aliuliza basi fedha ya kusaidia itakuja lini. Hamida akasema hata mkuu wake hajui.

"Basi nipe neno moja tu la kumpelekea Tobia. Kwamba sijapewa. Usharika wangu utafanya yaliyobaki, sitakusumbua tena."

Machozi yalimlengalenga yule binti, na tumpe haki yake, hayakuwa ya uongo. "Nikisema hivyo, bibi, nimesema ofisi imedanganya. Filamu imeshafika Dodoma. Imesifiwa. Nina watoto wawili."

Akafungua mkoba akatoa noti ya elfu kumi, ya kwake mwenyewe. Yudith aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Alipofika nje ndipo moyo ulipomuuma. Alikuwa ameshukuru tena.

Jumapili ya mnada alikwenda kanisani na Yohane. Matangazo yaliposomwa aliinua mkono, akapewa nafasi, akasimulia yote: kiti cha kichwani, Malindi, vifungu. Alisimulia vizuri, bila kulia. Lakini karibu kila simu mle kanisani ilikuwa na ile filamu, na ndani yake yuko yeye, kasimama wima, anasema mzigo si wake tena. Wanawake wa kwaya waliinamisha macho. Nyuma mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Anataka vyote viwili." Mchungaji alisema jambo hili litatazamwa kwa sala. Tobia, ambaye hakuwa na neno la ofisi la kusoma, alitazama dirishani.

Ukafanyika mnada. Yai likazunguka, likarudi, likazunguka, watu wakacheka, na kila kofi lililopigwa Yudith alilisikia kwenye mifupa ya mtoto aliyemshika mkono. Hakuweza hata kukasirika sawasawa, maana angemkasirikia nani? Evelina mwenyewe aliongozwa mpaka alipo, akampapasa uso, akamkumbatia.

"Wameniambia fungu lilikuwa lako, mdogo wangu, ukaniachia. Mungu akulipe."

Yudith alisema amina, kwa sababu hakuna neno lingine la kumwambia kipofu anayekwenda kujengewa.

Daktari alipokuja, alimpeleka Yohane hivyohivyo, nauli ikiwa ile elfu kumi ya Hamida. Aliuza madebe mawili ya viazi vya mbegu juu yake, asijue mwaka unaofuata atapanda nini. Karani wa mapokezi alimtazama mtoto, akamtazama bibi, uso ukamchangamka: huyu si yule wa Tuinuane? Basi ana mfadhili, mfadhili na alete barua ya malipo. Walikaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya pili jioni Yudith alimwona daktari akiingia ndani ya gari, akamkimbilia, na daktari akateremka, akainama akaibonyeza miguu ya Yohane palepale kwenye vumbi, kwa muda mrefu. Akasema pole, mama. Akasema ilikuwa iwe safari hii. Yohane alimpungia daktari mkono mpaka gari likapotea, maana alikuwa amefundishwa kuaga watu wazima.

Mwezi wa nane, Yudith akipalilia, alisikia hodi. Mwanamke kijana alikuwa amesimama uani, amelowa jasho, mgongoni amebeba msichana wa miaka kama mitano ambaye miguu yake imening'inia bila nguvu.

"Shikamoo mama. Naitwa Jenoveva, natoka Rangwi. Nimekuona kwenye simu."

"Marahaba. Pole na njia. Mshushe mtoto, keti."

Hakuwa wa kwanza. Walishafika wengine wawili kabla yake, kila mmoja na mtoto wake, na wote walimwuliza jambo moja: amepitia wapi, kamwona nani. Yudith alimpa uji, akamweleza kama alivyowaeleza wale. Akamwita Yohane atoke, akamwonyesha nyayo zake, zimepinda vilevile. Kiti hakipo, alimwambia, angalia nyumba yote. Wamechukua picha yetu wakaenda zao, na ile picha ndiyo iliyotumaliza. Nenda nyumbani, mwanangu, kaa na watu wako, waambie shida yako, na yeyote akija na kamera mfungie mlango.

Jenoveva alisikiliza kwa heshima yote. Alimfuta mwanawe uji mdomoni, akatazama ndani ya nyumba kupitia mlango uliokuwa wazi, akatazama uani. Yudith aliona kabisa kwamba hakuna hata neno moja lililoingia. Mtu aliyebeba mtoto kutoka Rangwi hakuja kusikia kwamba hakuna kitu. Aliona pia wanavyomwona wote, bibi mchoyo aliyekwisha kupata chake na sasa anafukia njia.

"Nimekuelewa, mama," alisema Jenoveva taratibu. Akambeba mtoto tena, akamfunga kwa khanga, akasita. "Sikuombi kingine. Niambie hilo moja tu. Siku ile wanakuja, mtoto ulimvalisha nini, mpaka wakampenda?"

Yudith alishika jembe lake, akatafuta jibu jingine, akalikosa.

"Nguo chakavu," alisema. "Lakini ziwe zimefuliwa."