Kiraka cha Jaketi ya Erastus

Trela la miwa lilipopinduka kwenye mteremko wa barabara ya shambani, Chrispinus alikuwa ameketi ukingoni, na mdogo wake Erastus alikuwa katikati, juu ya mzigo. Erastus alifunikwa na miwa, akafa papo hapo. Chrispinus alitupwa kando, mkono wake wa kulia ukabanwa na chuma. Madaktari wa mjini Kakamega walimkata vidole viwili. Vitatu vilivyobaki vilikaa kama vijiti, havikunjiki.

Ni yeye aliyemtafutia Erastus kazi ya kukata miwa. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, hata siku ya mazishi. Lakini mama yao, Zilpah, aliacha kumtazama usoni. Alimpakulia chakula, alimfulia nguo, alimwita kwa jina lake kama kawaida. Macho ndiyo aliyomnyima. Akisema naye, aliyapeleka jikoni, au mlangoni, au kwa kuku waliokuwa wakiparura uani.

Hospitalini, aliyemfanyisha Chrispinus mazoezi ya mkono alikuwa mwanamke kijana aitwaye Chepng'etich. Mwanzoni alimpa mpira wa kufinya. Kisha siku moja akamletea uzi mweupe na sindano ya krosheti, ile yenye ndoano kichwani.

"Daktari, hii si kazi ya akina mama?"

"Ni mazoezi. Wa kushoto ujifunze kazi, wa kulia ushike uzi tu. Kwenu hakuna mtu anayejua kufuma?"

Chrispinus aliupokea uzi. Hakukuwa na kiti nyumbani kwao kisichokuwa na kitambaa alichofuma Zilpah. Wanawake wa kanisani walikuwa wakitoka hadi ng'ambo ya Lubao kuja kumwomba awafumie vya makochi yao. Tangu msiba, hakuwa amegusa uzi.

Jioni aliuweka ule uzi mezani mbele ya mama yake.

"Daktari amesema nijifunze. Kwa mkono wa kushoto."

Zilpah aliushika, akauvuta kidogo, ukakatika. "Huu utakusumbua," akasema. Akaingia chumbani, akarudi na uzi wake mwenyewe.

Wakaketi kwenye benchi moja, bega kwa bega, lakini haikuwezekana. Kila alichofanya mama kwa mkono wa kulia, Chrispinus alipaswa kukigeuza kichwani kwanza, na kabla hajamaliza kukigeuza uzi ulishachomoka. Walijaribu mpaka Zilpah akashusha pumzi, akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Nifuatishe kama mtu anayejiangalia kwenye kioo," akasema.

Magoti yao yakakaribia kugusana. Chrispinus aliona jinsi mashavu ya mama yake yalivyobonyea. Alikuwa hajamwona hivyo, kwa karibu, tangu msiba. Yeye Zilpah aliendelea kutazama mikono.

"Fanya kitanzi. Pitisha ndoano. Vuta. Siyo hivyo, unakaza sana."

"Inateleza."

"Inateleza kwa sababu unaing'ang'ania. Legeza mkono."

Mnyororo wake wa kwanza ulitoka umepinda, sehemu nyingine umebana, nyingine una mashimo ya kupitisha kidole. Zilpah aliufumua wote, akamrudishia uzi. Wakaanza tena.

Ikawa ndivyo karibu kila siku mvua inapoanza kunyesha baada ya saa tisa. Mara moja Osiako, aliyekuwa akikata miwa pamoja nao, alipita akawakuta barazani.

"Chrispo! Sasa utaanza kusuka nywele lini?"

Chrispinus aliusukuma uzi chini ya paja. Zilpah hakuinua kichwa. "Osiako, kama umemaliza kucheka, tusalimie watu wa kwenu." Kijana akaenda zake. Chrispinus alingoja mama aseme jambo lingine. Alichosema ni kwamba uzi ule ungechafuka.

Siku aliyorudi hospitalini na kipande cha kwanza kilichonyooka, Chepng'etich alikigeuza huku na huku, akafurahi, kisha akakiweka mezani.

"Chrispinus, nikuambie ukweli. Hivi vidole havitakunjika tena. Usiendelee kungoja."

"Hata nikifanya mazoezi?"

"Hata ukifanya. Huu wa kushoto ndio mkono wako sasa."

Alitazama nje dirishani. Panga lake la kukatia miwa lilikuwa bado limechomekwa kwenye paa nyumbani, na alikuwa amekataza lisiguswe.

Chepng'etich, pengine kwa kukosa la kumwambia, alimfungulia video kwenye simu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Japani, mgongo umepinda, anashona koti kuukuu la buluu iliyokolea. Maandishi ya chini yalieleza kwamba ushonaji ule unaitwa sashiko; zamani wakulima maskini wa sehemu za baridi za nchi ile walikuwa wakishona kiraka juu ya kiraka, na nguo ya baba ikaja kuvaliwa na mtoto. Uzi ulikuwa mweupe. Mishono ilijipanga juu ya buluu kama punje za mchele, wala bibi hakujaribu kuificha.

"Rudisha nyuma kidogo," Chrispinus akasema. Akaitazama tena, na tena, hadi mgonjwa mwingine akagonga mlango.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, baada ya mazishi, ami yao Ignatius na wengine walikuwa wamechukua mashati, suruali na viatu vya Erastus. Jaketi ya jinzi ilibaki, kwa sababu ilikuwa imepasuka begani siku ile ya ajali. Hakuna aliyetaka kuivaa. Ilining'inia kwenye msumari chumbani walimokuwa wakilala ndugu wawili, na Chrispinus alikuwa amezoea kulala akiipa mgongo.

Sasa aliishusha. Mama alipokwenda kwenye maombi, alifuma kiraka cha duara kwa uzi mweupe, akakifumua, akafuma kingine. Alipopata kinachotosha, alikilaza juu ya tundu, akakizungushia mishono mifupi mifupi kama ya yule bibi, mstari baada ya mstari, mpaka bega lote likajaa weupe. Sindano ilimchoma vidole visivyohisi kitu. Aliona damu kabla hajajua.

Zilpah aliikuta kitandani.

"Umeifanya nini nguo ya mtoto wangu?"

"Nimeiziba, mama."

Aliichukua akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akapitisha kidole juu ya mishono, polepole, kama anayetafuta mwiba. Chrispinus alidhani angeichana.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Erastus. Pale matangani walisema alikuwa akiniita. Wewe ndiye ulikuwa karibu."

Chrispinus alijua kwamba neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, na mama angekuwa na kitu cha kumfariji.

"Hakusema kitu, mama. Miwa ilimwangukia mara moja. Mimi ndiye nilimwita. Alikuwa kimya."

Zilpah alikaa kizingitini na jaketi mapajani. Mvua ilipiga mabati. Akasema, "Ungenidanganya tu."

"Nilitaka."

Hapo ndipo alipomtazama. Macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa na huruma wala hasira, yalikuwa yamechoka.

"Mbona ulimpeleka? Mimi nilimkataza."

"Alikuwa amekaa bure, mama. Nikaona tufanye kazi pamoja."

"Nilimkataza," akarudia. Alilia akiwa amefunika uso kwa mkono wa jaketi. Chrispinus alisimama karibu yake, hakujua amguse kwa mkono upi, hakumgusa.

Hawakulizungumza tena. Kesho yake Zilpah alileta kigoda, akaketi mahali pake, akamwonyesha alipokuwa ameruka kitanzi. Panga lilishushwa kutoka kwenye paa, Ignatius akaenda nalo.

Asubuhi za baridi zilipokuja, Zilpah alianza kuvaa ile jaketi. Ilimzidi, akakunja mikono yake. Siku ya soko waliandamana hadi Lubao kuuza majogoo wawili, na wakiwa pale mwanamke mmoja muuza nguo za mitumba alimshika Zilpah begani.

"Mama, hii imeshonwa na nani? Sijaonanga ya aina hii."

"Mtoto wangu."

"Yuko wapi?"

"Si ndiye huyu hapa? Ndiye nimebaki naye."

Mwanamke yule alimtazama Chrispinus, akautazama mkono wake, akarudi kwenye nguo zake. Zilpah alikuwa ameshatangulia mbele kati ya watu. Chrispinus akawainua majogoo kwa mkono wa kushoto, vichwa vyao vikining'inia, akamfuata.