Shamba la Lesia

Orest Hnatiuk hakuwa mtu wa gemu. Miaka yote ambayo mkewe Lesia alikaa kwenye kochi akilima lile shamba la kwenye simu, yeye kazi yake ilikuwa kumcheka.

"Njoo uone, mzee," Lesia alikuwa akimwita.

"Baadaye. Ng'ombe gani hao, hata samadi hawana!"

"Wangu angalau wapo. Wako wako wapi?"

Ng'ombe wa Orest walikwenda mnadani pamoja na shamba lenyewe, mwaka ule walipokiri kwamba wamezeeka wakahamia nyumba ndogo mjini Yorkton, humo humo katika jimbo la Saskatchewan.

Gemu lenyewe eti ni la bure. Bure gani! Ngano inachukua siku nzima kuota, na ukitaka iote sasa hivi, unalipa. Banda linajengwa wiki nzima, na usipotaka kungoja, unalipa. Waliolitunga walijua vizuri kwamba binadamu hana subira. Ila kwa Lesia waligonga mwamba, hakuwahi kuwapa hata senti.

"Nimeisubiri mvua ya Saskatchewan maisha yangu yote," alikuwa akisema. "Hawa wataniweza?"

Lesia alifariki mwezi wa kumi. Simu yake ilikaa kwenye droo ya jikoni mpaka Januari, asubuhi moja ya theluji, Orest alipoichaji ili atafute picha zake. Picha alizipata. Kisha, kwa upweke tu, akabonyeza lile shamba.

Banda jekundu lilikuwa kushoto kwa nyumba. Upande wa kaskazini ilisimama safu ya miti ya kukinga upepo, na pengo pale radi ilipopiga. Kwenye kibaraza alilala mbwa mweusi, jina limeandikwa juu yake: Burko, jina la mbwa wao wa zamani. Lilikuwa shamba lao, lile lile walilouza. Lesia alikuwa amelijenga upya, kipande baada ya kipande, kwa kusubiri, na alikuwa akimwita mumewe aje alione.

Lakini lilikuwa limekauka lote. Magugu yalikuwa yamefika dirishani, na ng'ombe walikuwa wamelala ubavu. Katikati alitokea msichana wa katuni akilia machozi ya kudondoka, na pembeni yake saa ikirudi nyuma: Okoa shamba lako! Ofa inakwisha! Orest, ambaye wauza matrekta wa wilaya nzima walimwogopa kwa ubishi wake wa bei, hata bei hakuitazama. Akatoa kadi ya benki akalipa kabla saa haijafika sifuri.

Kioo kikameta. Shamba likawa kijani kibichi, zuri, na geni kabisa. Banda lilikuwa la bluu. Miti ya kaskazini ilikuwa imegeuka minazi. Pale alipolala Burko sasa kulikuwa na mbwa mweupe mwenye utepe wa waridi.

Akampigia binti yao, Tamara, aliyeko Calgary.

"Baba, hukusoma yale maandishi madogo? Huwa yanasema vitu vya zamani vitaondolewa."

"Nani anasoma maandishi mtoto analia mbele yake?"

"Ni katuni, baba."

"Najua ni katuni!"

Tamara aliiandikia kampuni. Wakajibu upesi, kwa upole mwingi: haiwezekani kurudisha kilichofutwa, ila tafadhali apokee zawadi ya sarafu za gemu za kumtia moyo. Orest aliwatukana kwa Kiukreni, lugha ambayo Lesia alimkataza kuitumia kutukana. Hasira yake kwao ilikuwa ya haki. Lakini kilichomkatia usingizi kilikuwa jambo jingine, kwamba kwa miaka yote ile angeweza kuinuka tu na kuvuka sebule.

Akaanza upya. Sarafu zao hakuzigusa. Aling'oa minazi mmoja mmoja, akapanda miti ya upepo na kuacha pengo la radi. Banda alilingoja wiki nzima. Alipompata mbwa mweusi akamwita Burko, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ikabaki sehemu moja, chini ya dirisha la jikoni, ambayo hakukumbuka ilikuwa na nini. Akampigia Tamara tena.

"Mama yako alipanda nini pale chini ya dirisha?"

"Kule shambani, au kwenye simu?"

"Popote."

"Maua, nadhani. Sikumbuki, baba. Mimi niliondoka mdogo. Si wewe ndiye uliyekuwa ukipita pale kila siku?"

Orest akasema ndiyo, ni kweli, akamuaga. Aliporudi kwenye gemu, mshale wa manjano ulikuwa ukirukaruka juu ya ile sehemu tupu: Hapa panahitaji kitu! Nunua sasa! Akaufunga. Kila asubuhi unarudi, naye kila asubuhi anaufunga, na chini ya dirisha hajapanda chochote.