Klia Aliyoiacha Egide

Katika gereji ya Mzee Bonaventura pale Mwanga, Kigoma, kila kitu kilikuwa na mwenyewe na siku yake ya kuchukuliwa, isipokuwa tenki moja la pikipiki lililotundikwa ukutani. Lilikuwa na rangi ya damu ya mzee, na halikuwa limepigwa klia. Wateja waliliulizia mpaka wakachoka. Jibu lilikuwa lilelile miaka minane: "Hilo lina fundi wake, hajarudi."

Fundi mwenyewe ni Egide, mume wa Kaneza. Walikuja pamoja kutoka Rumonge mwaka tisini na tatu, Burundi ilipochafuka, wamebanana kwenye boti moja na watu hamsini. Kambini waliandikishwa kama wakimbizi, lakini Egide kazi yake ilikuwa kupuliza rangi, na kambini nani ana gari? Mzee Bonaventura akamwombea kibali, wakahamia mjini, wakapanga chumba Rusimbi. Mwaka tisini na sita ikaja habari kwamba mama yake Egide yuko Uvira, ng'ambo ya ziwa, hoi kitandani. Siku hiyo Egide alikuwa ametoka kupuliza rangi tenki lake mwenyewe, la pikipiki aliyokuwa akiiunganisha kipande kwa kipande. Akalitundika likauke. "Klia nitapiga mwenyewe nikirudi," akasema. "Siku nne tu. Asiliguse mtu." Akashuka Kibirizi akapanda boti. Mwezi haukuisha, vita vikawaka huko ng'ambo. Hizo siku nne, jamani, mpaka leo hazijatimia.

Sasa asiyeijua kazi hii aelewe kidogo. Rangi bila klia ni kama mtoto aliyeogeshwa asipakwe mafuta: safi ni safi, lakini amepauka. Klia haina rangi, ukiiona kwenye kopo utadhani maji mazito, ila ndiyo inayoipa rangi mng'ao na kuikinga na jua, mvua na petroli. Ukiikosa, rangi inakwisha kidogo kidogo, ukiipangusa inabaki kwenye kitambaa. Na Kaneza aliyajua haya kuliko wewe na mimi. Egide alipokosa kurudi, yeye ndiye aliyeshika bunduki ya rangi; mwanzoni kwa sababu hapakuwa na mwingine, baadaye kwa sababu hapakuwa na wa kumzidi. Madereva waliokuja wakicheka, "Eti mwanamke ndiye apulize?" waliishia kumsubiri yeye tu, hawataki mwingine. Alikwishapiga klia milango, boneti na bampa za nusu ya magari ya Kigoma. La Egide hakulipiga klia. Kila Jumamosi alilipangusa vumbi, na kila Jumamosi kitambaa kilitoka na wekundu kidogo, naye moyo unamwuma.

"Akilikuta lina klia atajua nimechoka kumngoja," aliwahi kumwambia Mzee.

Na hakuwa amechoka. Usidanganyike na ule ukali wake wa gereji. Alikuwa akimtamani mume wake mpaka mwili unauma, akitamani hata ile tabia yake mbaya ya kupiga mluzi mtu akiwa anazungumza naye.

Lakini mwaka huo wa elfu mbili na nne malori ya kuwarudisha wakimbizi yalianza kupita Manyovu kwenda Burundi, na kaka yake Kaneza, Ciza, akaja kutoka kambini na neno moja. Baba yao kule Rumonge amebaki peke yake, macho hayaoni vizuri, na majirani wameanza kuvuna michikichi yake. Lori la familia yao linaondoka Ijumaa. Asiyekuwamo atafutwa kwenye orodha. Kaneza aliwaza siku tatu, hali hanywi, kisha akakubali. Alikuwa na binti wa miaka kumi, Armelle, asiyejua hata mlango wa kwa babu yake.

Ikabaki shida moja tu, na ndiyo iliyomnyima raha: Egide akirudi Kigoma, atajuaje mke wake yuko wapi?

Alhamisi asubuhi akaingia gereji, mvua ya usiku bado inadondoka kwenye mabati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Armelle. Mbona umekuja na kazi imeshakwisha? Si tumeagana jana?"

"Nimekuja kupiga klia tenki."

Mzee Bonaventura akaacha spana aliyoishika. "Lile?"

"Lile. Nataka niandike barua juu yake, halafu niifunike na klia."

"Barua!" Mzee akacheka. "Si uniambie mimi? Akija nitamwambia kwa mdomo wangu."

"Mzee, wewe jana umeniita Rozalia mara mbili, na Rozalia ni marehemu dada yako."

"Mh! Hilo nalo neno. Basi andika kwenye karatasi."

"Karatasi nilimwachia Yusta wa mihogo pale Kibirizi mwaka juzi, aangalie kila boti linaloingia. Wiki ya pili nikakuta amefungia mteja mihogo. Nikaandika kwa chaki ukutani kwako, ikanyesha mvua. Herufi zikiwa chini ya klia hakuna wa kuzifuta. Na Egide akikanyaga Kigoma, kitu cha kwanza atakachotafuta ni hili tenki. Namjua."

"Haya," Mzee akasema. Akaenda kuwasha kompresa.

Kaneza akaliteremsha tenki, akaloweka msasa laini kwenye maji ya sabuni. Rangi kavu ya miaka minane haishiki klia mpaka uikwaruze kidogo, na hapo ndipo mkono ulipogoma. Kuikwaruza ni kuiondoa, na rangi ile Egide aliichanganya mwenyewe kwa jicho, hakuna aliyejua vipimo vyake. Kaneza alijaribu mara nyingi kuipata na hakuipata hata siku moja. Akafunga macho akasugua. Maji mekundu yakamtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Taratibu," Mzee akasema.

"Nafanya taratibu!" akafoka, kisha akaomba radhi.

Lilipokauka akachukua brashi nyembamba na rangi ya manjano. Barua aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ndefu: mihogo ya Yusta, surua ya Armelle, usiku wote aliolala akisikiliza mlango. Lakini ubavu wa tenki ni viganja viwili tu. Akaandika maneno machache, akalipeleka karibu na moto wa mkaa mpaka herufi zikakauka.

Mkono wa kwanza wa klia akaupuliza mwepesi, kama ukungu, maana ukianza na mzito herufi zinavimba na kuchuruzika. Akasubiri. Akagusa pembeni kwa kidole, kikanata bila kuchafuka. Mkono wa pili akaupuliza mzito, wa kulowesha. Rangi ya Egide ikazama, ikaiva, ikawa nyekundu ya kina ambayo Kaneza hakuwahi kuiona, kwa maana miaka yote hiyo alikuwa akiitazama ikiwa imepauka. "Kumbe ndiyo hivi ulivyotaka iwe," akamwambia mtu asiyekuwepo.

Raha yenyewe haikufika dakika tano. Hewa ilikuwa na unyevu wa mvua, na klia haipendani na unyevu. Ukungu mweupe ukaanza kwenye kona, ukatambaa, mpaka tenki zima likawa kama limemwagiwa maziwa. Rangi haionekani. Barua haionekani.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Kaneza akakaa chini kwenye tope la sakafu. "Nimeiua. Miaka minane nimeitunza, nimeiua kwa mkono wangu."

Akalia kwa sauti, yeye ambaye hakuna fundi pale aliyewahi kumwona chozi. "Egide, ungekuja tu! Ungekuja ukapiga klia yako mwenyewe! Nimekukumbuka mpaka nimechoka kukumbuka, na wewe hata salamu!"

Mzee Bonaventura akamwacha alie. Kisha akamletea kopo la thina, ile ya kuyeyushia rangi.

"Umefundisha vijana wangapi hapa nini cha kufanya klia ikipauka?"

Kaneza akafuta kamasi kwa mgongo wa mkono. "Kupuliza thina tupu, kidogo sana, na kuliweka juani."

"Basi."

"Jua liko wapi, Mzee?"

"Litatoka. Inuka."

Akainuka, akajaza thina kwenye bunduki. Akapuliza thina kwa mbali, mara moja tu, akaacha. Wakalitoa nje, wakaliweka juu ya pipa, wakakaa kulitazama wote wawili kama watu wanaosubiri sufuria ichemke. Saa sita jua likachomoza juu ya Mwanga. Ule weupe ukaanza kurudi nyuma polepole, ukaacha wekundu, halafu herufi moja, halafu neno. Ciza akafika kumchukua, akaambiwa anyamaze asubiri.

Likakauka. Mzee akavaa miwani yake, akaliinamia, akasoma kwa sauti kama padri: "Egide. Nimerudi Rumonge kwa baba. Armelle mzima, anajua kusoma. Tunakusubiri huko. Kaneza."

Akasoma tena, akakuna kichwa.

"Umesahau tarehe. Barua haina hata mwaka, na sasa huwezi kuongeza kitu, klia imeshashika. Atajuaje umeondoka lini?"

"Sikusahau, Mzee," Kaneza akasema. "Akihesabu miaka niliyomngoja hapa ataona haya, hatakuja."